Jinsi ya kuwaaga marafiki unapomaliza masomo Nairobi na kurudi kwenu

Mwanafunzi aliyetoka Bujumbura, Goma, Juba, Moshi au Mogadishu kuja kusoma Nairobi hupanga mapema namna ya kusafirisha vitabu vyake, lakini kuaga hukuachia usiku wa mwisho. Usiku huo sanduku halifungiki, mwenye nyumba anataka funguo, na watu waliokula naye sahani moja kwa miaka minne wanapewa dakika mbili kila mmoja, wamesimama mlangoni. Huo ni usiku wa huzuni isiyo ya lazima. Kuaga vizuri huchukua wiki nne hivi, na sehemu yake kubwa hufanyika kabla ya sherehe, watu wawili wawili wakiwa wamekaa chini.

Hesabu kuanzia mitihani, usihesabu kuanzia tiketi

Kosa linaloharibu mambo mapema kuliko yote ni kupanga siku kwa kutazama tarehe ya safari yako. Tarehe inayotawala ni ya mitihani ya wenzako. Wanafunzi wengi Wakenya huondoka siku ile ile ya karatasi ya mwisho: mchana anaweka kalamu chini, usiku yuko kwenye basi la Kisumu, Meru au Mombasa. Mabweni nayo hufungwa muda mfupi baadaye. Ukiweka sherehe wiki moja baada ya mitihani, utapikia viti.

Chukua ratiba, muulize kila rafiki wa karibu anamaliza siku gani na anaondoka siku gani, uandike. Kisha fanya hivi: sherehe iwe Jumapili ya mwisho kabla mitihani haijaanza, mazungumzo ya wawili wawili yawe katika wiki mbili zinazotangulia Jumapili hiyo, madeni na orodha ya watu vishughulikiwe wiki moja kabla ya hapo. Siku za mitihani usimsumbue mtu. Baada ya mitihani hubaki majirani, ugawaji wa vitu na safari yenyewe. Anayefanya shahada ya uzamili hana umati unaotawanyika siku moja, hivyo na ahesabu kurudi nyuma kutoka siku ya kutetea tasnifu yake.

Orodha igawe mara tatu. Kwanza, wale unaotaka kukaa nao saa nzima au mbili. Wasizidi wanane, maana zaidi ya hapo utaanza kuahirisha na wa mwisho ndio watakaoumia. Pili, wa kualika kwenye sherehe. Tatu, wale ambao watu husahau: mama mboga, askari wa geti, msimamizi wa ploti ya nyumba za kupanga, mhudumu wa maktaba, muuza chapati wa kibandani, bodaboda aliyekuwa akikubeba usiku wa mvua. Hawa wa tatu wengi hawana namba yako na hawatajua ulienda wapi. Mteja wa miaka mitatu akitoweka bila neno, mama mboga hubaki akijiuliza kama uliugua au ulimkasirikia.

Madeni kwanza

Anayekudai hawezi kukusikia vizuri unapomshukuru. Kwa hiyo kabla hujamwaga mtu yeyote, pitia daftari la duka, deni la kibandani, mchango wa chama (kikundi cha kuchangiana fedha kwa zamu), fedha za intaneti mliyokuwa mkichangia, na vitabu vya maktaba. Vitu vya kuazima ndivyo vyenye utata kuliko pesa: sufuria, koti, chaja, pasi ya nguo. Tenga sanduku la karatasi, weka ndani kila kisicho chako kwa siku tatu mfululizo unapokipata, bandika jina la mwenyewe. Usirudishe kitu kupitia mtu mwingine ikiwa una njia ya kukipeleka mwenyewe, kwa sababu hiyo ndiyo nafasi ya kuagana.

Kwenye chama, mjulishe mweka hazina kwa maandishi kwamba unatoka, na uulize zamu yako inamalizwaje. Ukiwa umeshapokea mkupuo, yaani fedha za zamu yako, na bado wengine hawajapokea, lipa mizunguko iliyobaki kabla ya kuondoka au mwachie mtu aliyekubalika mbele ya wote. Urafiki wa kundi zima umewahi kuvunjika kwa jambo hili moja.

Kama wewe ndiye unayedai na unajua hutalipwa, samehe kwa kutamka: "Ile elfu mbili tuachane nayo, ndugu yangu." Ukinyamaza, mwenzako atakukwepa wiki zote za mwisho akidhani utamdai, na utamkosa kwa sababu ya elfu mbili.

Kukaa na rafiki mmoja

Hapa ndipo kiini cha kuaga kilipo. Chagua mahali mlipozoea kuwa pamoja, pawe na utulivu wa kutosha kusikilizana. Kutembea husaidia wale wanaoona haya kutazamana wakizungumza mambo mazito: bustani ya Arboretum karibu na State House Road inafaa sana kwa walio Chuo Kikuu cha Nairobi, na msitu wa Karura kwa walio upande wa Kiambu Road au Limuru Road. Nenda mchana. Jua la Nairobi huzama karibu saa kumi na mbili na nusu jioni mwaka mzima, na bustani hizo hufungwa jioni. Chupa za plastiki za kutumia mara moja ziache nyumbani, kwani tangu Juni 5, 2020 zimekatazwa kwenye misitu na hifadhi za taifa.

Mambo ya kusema ni matatu, na mpangilio wake una sababu.

La kwanza, taja tendo moja alilokufanyia, kwa jina na wakati wake. "Asante kwa kila kitu" haimfikii mtu. "Siku nilipolazwa ulikuja na uji kabla ya darasa, siku tatu mfululizo, na sijawahi kukuambia maana yake kwangu" inamfikia. Usipokumbuka tendo hata moja, huyo huenda ni wa orodha ya sherehe, na hilo si kosa.

La pili, ombaneni radhi. Waswahili tangu zamani huagana kwa kusameheana, na desturi hii inafaa kutunzwa. Sema: "Tumekaa pamoja muda mrefu. Kama kuna mahali nilikukosea, kwa kujua au bila kujua, nisamehe. Nami nimekusamehe." Kisha nyamaza umpe nafasi. Wengi watajibu kwamba hakuna kitu. Mmoja wawili watataja jambo, pengine la mwaka wa kwanza, na hapo usijitetee. Sikiliza, kubali, omba radhi. Ukianza kueleza upande wako, umefungua kesi ambayo hamna muda wa kuimaliza.

La tatu, kuwa mkweli kuhusu mawasiliano. Ahadi ya kupigiana simu kila wiki huvunjika ndani ya mwezi, kisha kila mmoja anaona aibu kuwa wa kwanza kupiga, na kimya kinazidi. Ahidi kidogo unachoweza: ujumbe wa sauti mara moja kwa mwezi, simu siku ya kuzaliwa, picha ya mtoto wa dada yako akianza shule. Wenye mapenzi nao wanastahili ukweli huo huo. Kama hakuna mpango halisi wa nani atahamia wapi na lini, mseme hivyo sasa mkiwa mnaonana. Ni vigumu zaidi kwa simu.

Maneno ya kuagana yenyewe yana uzito tofauti. "Kwaheri" ni ya mmoja, "kwaherini" ni ya wengi. "Kwaheri ya kuonana" hubeba tumaini la kukutana tena, nayo ndiyo ya kumwandikia rafiki. "Buriani" iogope kwenye kadi ya kijana mwenzako: ni ya kuaga kwa mwisho, na wengi wameizoea kwenye tanzia. Kwa mtu mzima, tanguliza shikamoo pale inapozoeleka, omba ruhusa ya kuaga ("Mama, nimekuja kuaga, masomo yamekwisha"), na mwache yeye akuombee dua au akubariki kabla hujasimama. Kuondoka kabla ya dua ni kumkatiza.

Yule mliyegombana naye hadi mkaacha kusalimiana, usimtafute kwenye sherehe. Mwandikie ujumbe mfupi wiki mbili kabla: unaondoka tarehe fulani, ungependa muonane dakika kumi, na akikataa hutamlaumu. Wiki mbili humpa nafasi ya kukataa leo na kubadili nia kesho.

Sherehe

Jumapili saa nane mchana ni muda mzuri kuliko Ijumaa jioni au Jumamosi. Ijumaa foleni za magari huwala watu saa mbili njiani. Jumamosi Wasabato wapo kwenye ibada yao hadi jua kuzama. Jumapili saa nane, walioenda kanisani wametoka na barabara zina nafuu. Epuka wiki ya tatu ya mwezi, mifuko ikiwa mitupu, na katika msimu wa mvua za Machi hadi Mei au Oktoba hadi Desemba uwe na paa la uhakika: mvua ikinyesha nauli ya matatu hupanda na nusu ya wageni hawatoki nyumbani.

Mahali pawe karibu na katikati ya mji ikiwa marafiki wako wametawanyika. Anayetoka Juja na anayetoka Rongai wote hupitia katikati ya mji. Ukiwaita Kasarani, mmoja atapanda gari mara mbili kwenda na mara mbili kurudi. Nyumbani ni bora kama watu hawafiki ishirini na tano na jirani ameambiwa. Wakizidi hapo, nyama choma ya Kenyatta Market au soko la Burma huondoa kazi ya kupika. Hesabu kilo moja ya mbuzi mbichi kwa watu watatu, na agiza kwa simu kabla hamjafika kwa sababu kuchoma huchukua karibu saa nzima.

Ukipika nyumbani kwa watu ishirini, hivi vinatosha:

- mchele kilo 3, nyama ya pilau kilo 4, vitunguu kilo 1 na nusu, viazi kilo 2
- kachumbari: nyanya kilo 2, vitunguu nusu kilo, ndimu, dania
- unga wa ngano pakiti ya kilo 2, unaotoa chapati kama ishirini za wastani
- chai lita 8, nusu maji nusu maziwa, kwa vikombe viwili kila mtu

Pilau ya kilo tatu haipikiki vizuri juu ya meko ya gesi ya kilo 6. Moto wake ni mdogo na uko katikati tu: chini kunaungua, pembeni mchele unabaki na kiini. Igawe katika sufuria mbili za kilo moja na nusu, au azima jiko la makaa na upalie makaa juu ya kifuniko supu ikishakauka. Kwa pishori ya Mwea, vikombe viwili vya supu kwa kimoja cha mchele ni kipimo cha sufuria ndogo. Kwenye sufuria kubwa punguza kidogo, maana sehemu ndogo zaidi ya supu ndiyo inayopotea kwa mvuke.

Uliza mapema nani hali nini. Waislamu watahitaji nyama ya halali, na mwenye bucha ataulizwa wazi, hakuna aibu. Marafiki Waethiopia na Waeritrea wa Kiorthodoksi hufunga kula vitu vya wanyama Jumatano, Ijumaa na katika misimu mirefu ya mfungo, hivyo pika sufuria moja ya maharagwe au ndengu bila samli wala maziwa. Kumtengea mgeni chakula chake bila yeye kuomba ni kuaga kwenyewe.

Michango asishike anayeaga. Mweka hazina awe rafiki mwingine, namba yake ya M-Pesa iwekwe kwenye kundi la WhatsApp, na majina ya waliotuma yabandikwe kila jioni. Bajeti ipangwe kwa fedha zilizoingia kufikia Alhamisi. Aliyeandika "niko ndani" bila kutuma hahesabiwi kwenye nyama, ila akija anakaribishwa kama wengine.

Picha ya pamoja ipigwe watu wakishafika, kabla ya chakula. Mwishoni wengine wameshaondoka na giza limeingia. Wasemaji wawe watatu, dakika tatu kila mmoja, wachaguliwe siku kabla. Wasipochaguliwa, mtu mmoja ataongea nusu saa na yule mpole aliyekuwa na neno la maana atarudi nalo nyumbani. Wewe zungumza mwisho, taja majina, kaa.

Zawadi na vitu vya kugawa

Waambie marafiki mapema: zawadi zije siku ya sherehe, na ziwe nyepesi. Mizigo mingi ya ndege hupimwa kwa kilo 23 kwa begi, na picha kubwa yenye fremu ya kioo inayoletwa uwanjani haina pa kuwekwa. Asali au kinywaji kinachozidi mililita 100 huondolewa kwenye begi la mkononi. Ukirudi Tanzania au Rwanda, usifungie chochote kwenye mfuko wa plastiki. Tanzania iliipiga marufuku Juni 1, 2019, na Rwanda ilitangulia miaka mingi.

Zawadi ambayo tunaipenda kuliko zote ni leso, yaani kanga. Huuzwa doti, yaani vipande viwili vilivyoshikana, na Biashara Street kuna maduka yake tele. Kata katikati, fundi apinde kingo, wewe chukua kipande kimoja na rafiki kimoja: maneno yale yale yanakaa katika nyumba mbili, nchi mbili. Soma jina la leso kabla ya kulipa. Nyingine zimeandikwa vijembe vya wivu na uhasama, na ukimpa rafiki hiyo kwa sababu ya rangi tu, atakaa akitafuta maana.

Picha zilizosafishwa pia hudumu. Nyuma andika majina, mahali na tarehe kwa kalamu isiyofutika, uache wino ukauke kabla ya kuzipanga. Kalamu ya kawaida huteleza kwenye karatasi ile na kuchafua picha ya chini yake.

Vya nyumbani, yaani godoro, mtungi wa gesi, birika, rafu, andika orodha na jina la mpokeaji mbele ya kila kimoja, uonyeshe wote. Kitu kimoja kuahidiwa watu wawili ni jambo la kawaida sana katika wiki ya mwisho. Amua pia kipi unauza na kipi unatoa, na usichanganye kwa mtu mmoja: aliyepewa sufuria bure kisha akadaiwa pesa ya godoro hakumbuki sufuria.

Namba ya simu

Urafiki mwingi wa Nairobi hupotea kwa sababu ya laini. Laini isiyotumika muda mrefu hufungwa, kisha namba hupewa mtu mwingine, na rafiki anayekupigia mwaka ujao anapokelewa na mgeni. Toa salio la M-Pesa ukiwa bado Kenya, kwa wakala, ukiwa na kitambulisho ulichosajilia laini. Ukifika kwenu na kupata laini mpya inayopokea ujumbe, fungua WhatsApp, ingia Mipangilio, kisha Akaunti, kisha Badilisha namba, weka ya zamani na mpya, na uchague watu unaowasiliana nao wajulishwe. Makundi na mazungumzo yatabaki. Ukifungua akaunti mpya tu, utatoka kwenye kila kundi bila mtu kujua.

Barua pepe ya chuo nayo hufungwa wakati fulani. Hamisha picha na anwani zote kabla ya mahafali. Kwa mama mboga na askari, andika namba yako ya nyumbani kwenye karatasi, ikianza na alama ya kujumlisha na tarakimu za nchi: 255 Tanzania, 256 Uganda, 250 Rwanda, 257 Burundi, 243 Kongo, 211 Sudan Kusini.

Siku ya kuondoka

Wasindikizaji wawe wawili au watatu. Uwanjani Jomo Kenyatta, kabla ya kufika kwenye majengo, abiria huenda wakatakiwa kushuka garini na kupita ukaguzi kwa miguu huku gari likikaguliwa peke yake, kwa hiyo kila msindikizaji abebe kitambulisho. Kisha asiyesafiri haingii ndani ya jengo la kuondokea. Mtabaki na dakika chache kando ya barabara, madereva wakihimizwa kusogea. Ndiyo sababu kumbatio refu, dua na machozi vifanyike nyumbani, nusu saa kabla ya kutoka, watu wakiwa wamekaa.

Ndege ya saa nne usiku hutaka uwe uwanjani saa moja jioni. Kutoka Thika Road au Lang'ata, toka saa kumi. Foleni ya jioni ya Mombasa Road haimhurumii mtu, ingawa barabara ya juu ya kulipia inayotoka Westlands hadi Mlolongo huokoa muda. Anayeondoka kwa basi la Arusha, Dar es Salaam au Kampala alale karibu na kituo kama basi ni la alfajiri, na msindikizaji mmoja ashike mizigo tu, asishughulike na kuaga, kwa kuwa vituo vya mjini vina wezi. Pasipoti na kadi ya chanjo ya homa ya manjano viwe mfukoni mwako, visiwe kwenye begi alilobeba rafiki.

Usiruhusu rafiki arudi peke yake kutoka uwanjani usiku. Mpangie gari la kurudi kabla hujaingia, na nauli uitume wewe.

Ukishafika

Tuma ujumbe wa kufika salama siku ile ile, kwenye kundi na kwa wale wanane mmoja mmoja. Ndani ya siku saba piga simu ya kwanza, hata kama ni ya dakika tano, kwa sababu rafiki aliyebaki ndiye anayepita mbele ya chumba chako kila siku na kukiona kina mtu mwingine. Mkipanga muda, andikeni "saa 3 usiku, saa za Nairobi": Dar es Salaam na Kampala saa ni zile zile, lakini Kigali, Bujumbura, Goma na Juba ziko nyuma kwa saa moja. Kama ulikuwa msimamizi wa kundi la WhatsApp, mpe usimamizi mtu aliyebaki Nairobi. Yeye ndiye atakayekuwa wa kwanza kujua nani ameoa, nani anahama, na nani anapita mjini kwenu mwezi ujao akitafuta pa kulala.